Kumtafuta Babu Aliyefia Vitani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Rekodi za Makaburi ya Askari wa Afrika Mashariki

Katika familia nyingi za Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi kuna jina ambalo hutajwa kwa kifupi, kisha mazungumzo yakahamia kwingine: ni la mtu aliyechukuliwa kwenda keya, yaani jeshi la Mwingereza, au kubeba mizigo ya jeshi, na hakurudi. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wajukuu na vitukuu wanaotaka kumtafuta mtu huyo kupitia rekodi za usajili wa makaburi ya vita, na wanaohitaji kujua mapema rekodi hizo zinasema nini na zinanyamazia nini.

Rekodi za usajili wa makaburi ni kitu gani, na zinatunzwa na nani?

Ni karatasi zilizoandikwa na jeshi ili ijulikane kila aliyefariki amezikwa wapi. Kazi hiyo ilianzia Ufaransa mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Fabian Ware, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Msalaba Mwekundu, alipoona kwamba wanajeshi wanazikwa chini ya misalaba ya mbao bila mtu yeyote kuweka kumbukumbu. Tarehe 21 Mei 1917 ikaundwa tume maalumu kwa hati ya mfalme wa Uingereza, na tangu 1960 tume hiyo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (kwa Kiingereza Commonwealth War Graves Commission, CWGC). Leo inawakumbuka watu wapatao milioni 1.7 wa vita vyote viwili, na hifadhidata yake iko kwenye intaneti bila malipo. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipekua.

Ni nani anayestahili kuwamo?

Ni mwanajeshi wa upande wa Uingereza na makoloni yake aliyefariki kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyefariki akiwa bado kazini huhesabiwa hata kama hakuuawa na risasi. Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu katika vita vya Afrika Mashariki malaria, kuhara damu, njaa na uchovu viliua watu wengi kuliko bunduki. Wapo wanaoacha kutafuta kwa kuwa waliambiwa babu «alikufa kwa homa tu, si vitani». Kama alikufa kwa homa akiwa katika utumishi, anastahili kutafutwa humo.

Aliyekwisha kuachishwa jeshi akafariki baadaye, ilimradi ndani ya tarehe hizo, huhesabiwa pale tu inapothibitika kwamba kifo chake kilitokana na utumishi.

Nianzie wapi kabla sijafungua hifadhidata?

Anzia kwa wazee, tena mapema, kwa kuwa karatasi itakusubiri lakini bibi hatakusubiri. Andika maneno yao kama wanavyoyatamka, bila kuyasahihisha, maana neno linaloonekana kuwa kosa mara nyingi ndilo ufunguo wenyewe.

Mzee akisema «vita vya Mjerumani», kwa kawaida anakusudia mapigano ya 1914 hadi 1918, ingawa katika kusini mwa Tanzania ni vyema umuulize mara ya pili, kwa kuwa huenda anasimulia habari za Maji Maji. «Vita vya Hitla» ni vya pili. «Habeshi» au «Abisinia» ni Ethiopia, ambako vikosi vyetu vilipigana na Waitalia mwaka 1941. «Bukini» ni Madagaska, ya mwaka 1942. «Seloni» ni Sri Lanka, walikofanyia mazoezi kabla ya kuvuka kwenda mbele zaidi. «Bama» ni Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika ya huko, ikafika Mto Chindwin mwezi Desemba.

«Keya» ni King's African Rifles, kikosi cha bunduki ambacho kwa herufi za Kiingereza huandikwa KAR. Hata hivyo, usifunge mlango hapo. Vijijini kila aliyevaa sare aliitwa keya, ilhali wengi walikuwa madereva, wapishi, watumishi wa hospitali za jeshi, wapiga mizinga au wachimba barabara, na watu hao huandikwa chini ya vikosi vyao, si chini ya KAR. Uliza kazi yake ilikuwa nini. Uliza alitoka kijiji gani kwa jina la wakati ule, chifu au jumbe alikuwa nani, baba yake aliitwaje, na kama familia iliwahi kuitwa bomani kupokea fedha au barua. Malipo ya bomani ni dalili kwamba jina lake liliandikwa mahali.

Nimeandika jina lake kwenye hifadhidata na sikupata kitu. Je, hayumo?

Usiamue hivyo bado. Jina uliloliandika wewe ni jina linalojulikana nyumbani, na lililo kwenye karatasi ni lile ambalo karani, pengine Mwingereza au Mhindi, alilisikia kwa sikio lake siku moja penye foleni ndefu. Herufi L na R hubadilishana mahali kila mara. «Ch» huandikwa «c» au «tch», «w» huwa «u», na irabu ya mwisho hudondoka. Mwambao hutumia «bin», Kenya ya kati hutumia kifupi cha Kiingereza «s/o», chenye maana ya «mwana wa», Wakalenjin wana «arap», na mara nyingine jina la baba huwekwa mbele kana kwamba ndilo jina la mtoto. Wengi waliandikishwa kwa jina moja tu. Wengine walijiandikisha kwa majina ya utani au ya kubuni, hasa vijana waliotoroka nyumbani au waliokuwa chini ya umri, na familia haikuambiwa.

Kwa hiyo tafuta kwa sehemu ya jina, si kwa jina zima. Andika mwanzo wake peke yake, kisha uchuje matokeo kwa vita, kwa mwaka, kwa kikosi na kwa nchi ya maziko. Njia nyingine inayochosha lakini yenye matunda ni kuacha jina kabisa: chagua kikosi na mwaka, pakua orodha yote, na uisome mstari kwa mstari kwa sauti. Sikio la mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwake hutambua jina ambalo jicho limelipita. Mimi huketi na mzee wa familia kwa kazi hiyo pale inapowezekana, nikimsomea orodha, naye hunizuia katika jina ambalo mimi peke yangu nisingelitambua kamwe.

Soma pia sehemu ya maelezo ya ziada. Kwa askari wa vita vya pili, sehemu hiyo huweza kutaja jina la baba, jina la mke na wilaya alikotoka, kama vile Machakos au Kitui, na hapo ndipo watu wawili wenye jina moja hutenganishwa.

Nimempata. Karatasi zilizoambatishwa zinanieleza nini?

Chini ya majina mengi kuna picha za nyaraka za asili, na kosa la kawaida ni kuridhika na ukurasa wa muhtasari bila kuzifungua. Ya kwanza ni ripoti ya usajili wa kaburi, ambayo ni jedwali lililopigwa taipu lenye namba ya jeshi, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kifo, na alama ya mahali: kitalu, safu na kaburi. Ya pili ni ripoti ya uhamisho, inayoandikwa pale mabaki yalipofukuliwa sehemu moja na kuzikwa upya kwingine. Ya tatu ni orodha ya mawe ya makaburi, yenye maandishi yaliyokusudiwa kuchongwa na alama ya dini.

Soma maandishi yaliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa upya pembeni. Mara nyingi tahajia ya kwanza, iliyofutwa na ofisa, ndiyo iliyo karibu zaidi na jina la kweli. Soma pia waliotangulia na waliofuata katika ukurasa uleule: watu watano wa kikosi kimoja waliofariki siku moja ni dalili ya shambulio, na watu kumi wa vikosi mbalimbali waliozikwa mfululizo katika wiki chache ni dalili ya hospitali. Alama ya dini nayo ichukuliwe kwa tahadhari, kwani aliyeondoka nyumbani akiwa hajabatizwa huenda alibatizwa kambini, na karani naye huenda alikisia tu kutokana na jina.

Kuna tarehe moja ambayo ningependa kila mtafiti wa Afrika Mashariki aikariri, nayo ni 12 Februari 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, na watu zaidi ya 1,200 walikufa. Wengi miongoni mwao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ukikuta tarehe hiyo pamoja na kikosi cha mizinga, umekwisha kujua kwa nini nyumbani hakukuletwa hata kifungo cha shati.

Rekodi inasema jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu. Kaburi liko wapi?

Maana yake ni kwamba kaburi lake halikujulikana, au lilijulikana kisha likapotea, au alizama baharini. Mnara wa Afrika Mashariki, uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi kwenye Barabara ya Ngong, una majina ya waliofia katika safari ya kutoka Kenya hadi Addis Ababa, huko Madagaska, na baharini, bila makaburi yanayojulikana. Waliopotea Burma wako kwenye mnara wa Rangoon, wenye majina karibu 27,000, katika makaburi ya Taukkyan kaskazini ya Yangon, jina la sasa la Rangoon. Majina ya Kiafrika yamo humo, yamechongwa katika nchi ambayo familia zao hazikuwahi kuiona hata kwenye ramani, na kuyaona kwa picha tu kumewatoa watu wazima machozi.

Babu alisemekana kuzikwa mahali fulani, lakini rekodi inataja pengine. Nani anasema kweli?

Huenda wote. Makaburi ya vita yalihamishwa mara nyingi. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Bagamoyo, yalitengenezwa mwaka 1968 baada ya makaburi 660 ya Vita vya Kwanza kuondolewa Barabara ya Ocean kwa sababu ya ujenzi wa barabara mpya. Taukkyan nayo ilipokea waliofukuliwa Akyab, Mandalay, Meiktila na Sahmaw. Yapo pia makaburi yaliyoonekana hayawezi kutunzwa pale yalipo, hivyo jina likawekwa kwenye jiwe la mji mwingine ilhali mifupa haikuondoka. Ripoti ya uhamisho ndiyo itakayokueleza ni lipi kati ya hayo lililotokea.

Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi katika Vita vya Kwanza. Kwa nini simwoni popote?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni zito, kwa hiyo nitalitoa bila kulipunguza.

Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, kubeba risasi na chakula cha majeshi ya Uingereza katika nchi isiyo na barabara na yenye ndorobo waliomaliza farasi na ng'ombe. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa wanakaribia 100,000. Majina ya mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Baada ya vita, wakati askari wa Kizungu walipopewa kila mmoja jiwe au mstari wake ukutani, wakuu wa serikali za makoloni pamoja na Tume waliamua kwamba Waafrika, askari wa kawaida na wapagazi, wakumbukwe kwa jumla. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikasimamishwa sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi ya sanamu hizo, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa hapo.

Mwezi Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti iliyokiri jambo hilo. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Kwa hiyo kutokuwamo kwa babu yako si ushahidi kwamba habari ya familia ni ya uongo. Ni matokeo ya uamuzi wa watu waliokaa ofisini.

Njia iliyobaki ni ya malipo. Mpagazi alipewa kibati chenye namba na akaandikishwa ili alipwe, na baada ya vita kukawa na mabishano ya miaka mingi kuhusu mishahara ya maelfu ya watu ambao hawakutokea kuidai, wengi wao kwa sababu walikuwa wamekufa. Karatasi za mabishano hayo ziko katika Nyaraka za Taifa za Kenya jijini Nairobi, na katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, mafaili ya mfululizo wa CO 533 kwa Kenya na CO 691 kwa Tanganyika. Jina lenyewe unaweza usilipate, lakini ukapata wilaya, mwaka ambao vijana wa huko walichukuliwa, na njia waliyopitishwa, na hayo yakilinganishwa na simulizi ya nyumbani huweza kukuonyesha alikofia.

Majina yanaweza kurudi. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town mnara wa watumishi weusi wa Afrika Kusini waliofariki katika vita hivyo, wenye majina zaidi ya 1,700 ambayo kwa miaka mia moja hayakuwa kwenye jiwe lolote. Nchini Kenya nako, nyaraka za zamani za KAR zilizokuwa katika hifadhi ya jeshi zimeanza kutoa majina ya askari.

Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Je, nimtafute humo?

Rekodi za Tume hazitakusaidia sana, na za upande wa Ujerumani huwataja Waafrika kwa majina kwa nadra. Nyaraka za Taifa za Tanzania, Dar es Salaam, zina mafaili ya enzi hiyo, lakini mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, hivyo tafuta msaada wa anayeweza kuusoma. Kumbuka pia kwamba baadhi ya askari waliotekwa walijiunga na KAR kabla ya vita kwisha, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na habari pande zote mbili.

Babu yangu alirudi salama, akafariki miaka ya 1970. Nimtafute humo?

Hapana. Aliyenusurika hayumo. Kwake yeye tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, kipande chake (cheti cha utambulisho cha enzi ya ukoloni) kama alikuwa Kenya, na medali. Medali za Vita vya Kwanza kwa kawaida zimechorwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe, kwa hiyo usiisugue. Za vita vya pili mara nyingi hazina jina. Hata hivyo rekodi za makaburi zitakufaa kwa njia ya pembeni: ukikijua kikosi chake, orodha ya wenzake waliofariki, kwa tarehe na mahali, itakuonyesha alikopita.

Je, rekodi zinataja sababu ya kifo?

Kwa kawaida hazitaji. Chukua kikosi na tarehe, kisha utafute shajara ya vita ya kikosi hicho, yaani kumbukumbu iliyoandikwa kila siku na maofisa wake. Za Vita vya Kwanza ziko Kew katika mfululizo wa WO 95. Askari wa kawaida hawatajwi sana kwa majina humo, lakini utajua siku ile kikosi kilikuwa wapi na kilikuwa kikifanya nini.

Ninaweza kuomba kosa lisahihishwe, au jina liongezwe?

Ndiyo, Tume hupokea maombi ya aina zote mbili. Kwa sahihisho la tahajia au la jina la baba, ambatisha chochote ulicho nacho: barua ya jeshi, cheti cha ubatizo, picha ya medali. Kwa jina jipya, itahitajika hati ya wakati ule inayoonyesha kwamba alikuwa katika utumishi na kwamba alifariki ndani ya tarehe zilizotajwa. Simulizi peke yake kwa kawaida haitoshi, lakini iandike hata hivyo, utaje nani alisimulia, alizaliwa lini, na alisikia kutoka kwa nani. Siku hati itakapopatikana, simulizi hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba jina lililoandikwa vibaya ni la kwenu na si la jirani.

Tunataka kwenda kulitembelea kaburi. Tujiandae vipi?

Andika namba ya kitalu, safu na kaburi kabla ya kuondoka, kwa sababu mawe yanafanana na yako mamia. Nairobi peke yake wamezikwa zaidi ya 1,900 wa Vita vya Pili. Kuingia ni bure. Mtunza bustani aliyepo ndiye anayejua safu zinakoanzia, msalimuni na kumweleza mmetoka wapi. Ikiwa kaburi liko mbali, Kandy huko Sri Lanka au Diego Suarez huko Madagaska kwa mfano, muombeni mtu anayeishi huko awapigie picha ya jiwe. Wapo wanaoleta udongo wa nyumbani katika karatasi na kuuacha chini ya jiwe, na wapo wanaochukua kidogo cha pale na kurudi nacho. Familia yenu iamue kwa desturi yake kabla ya safari, ili asiwepo wa kubishana mbele ya kaburi.